Kijana Aliyeshika Viatu

Shinyanga mjini,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Kanisia,

Shikamoo dada. Mnaendeleaje huko Songea? Mgongo wa mama unasemaje na baridi hii? Sisi huku tu wazima, na mimi nina uzima wa kupita kiasi. Miezi mitano ya ndoa, dada, na bado nikisikia kengele ya baiskeli ya Mabula natupa mwiko na kukimbilia mlangoni kama mtoto aliyeletewa zawadi. Usinicheke.

Siku ya kuniaga ulininong'oneza, "Winfrida, unaolewa jangwani." Ni kweli huku ni pakavu, vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi, na wazee wenyewe wanasema zamani watu waliuita mkoa huu jangwa. Lakini hebu nikueleze yaliyonipata kwenye jangwa hilo. Kwa simu nisingeweza, ningelia na kucheka mpaka salio liishe.

Mabula, akitoka kufundisha historia shuleni, ana kazi nyingine anayoipenda. Yeye na wazee kadhaa waliomba stoo moja kuukuu ya pamba, wakaifanya chumba cha kumbukumbu za mji. Wanakusanya picha na barua za zamani, na wanarekodi kwa simu masimulizi ya Wasukuma, Wasumbwa, Wahindi wa madukani na wote walioletwa hapa na reli, pamba na almasi. Mimi nashinda pale napanga vitu. Mwezi uliopita Bi Nasim, mwenye duka la vitambaa, alituletea makasha manne. Marehemu baba mkwe wake alikuwa na studio ya picha, na zile ambazo watu hawakuzifuata hakutupa hata moja. Kila picha ilikaa ndani ya bahasha ya kaki yenye jina la mwenyewe.

Hapo ndipo mdogo wako alipoharibu. Bahasha zilikuwa zimeliwa na mende, na mimi nilitaka mume wangu akirudi akute kazi inayong'aa. Nikatoa picha zote, nikazifuta vumbi, nikazipanga kwenye albamu: maharusi huku, watoto huku, vijana huku. Bahasha nikampa mama anayeuza karanga pale nje afungie karanga zake. Nikarudi nyumbani naimba.

Jioni tunakula, mama mkwe akaniuliza, "Mngoni wangu, mmeshafika kwenye jina la Shija?"

"Shija yupi, mayu?" Huku mama wanamwita mayu.

"Baba yake Mabula."

Kumbe baba mkwe alipigwa picha kwenye studio ile siku mbili kabla ya kwenda Geita kuchimba dhahabu. Hakurudi. Shimo lilimfukia huko, Mabula akiwa bado tumboni. Mayu hakuwa na moyo wa kwenda kuitazama picha ile, na alipoupata moyo, macho yake yalikuwa yameshaacha kuona. Nyingine haipo. Dada, mume wangu hajawahi kuiona sura ya baba yake, na mimi ndiye niliyetupa jina.

Nikarudisha tonge sahanini. Nikasema yote palepale. Mabula hakunifokea. Alitoka mbio, akarudi na bahasha tatu tu, mbili zikiwa na karanga ndani. Hakuna Shija. Akaketi kando yangu, akanimiminia karanga kiganjani.

"Kula," akasema. "Hizi ni karanga za kihistoria."

Nikazidi kulia. Mwanamume wa namna hii, dada, wanamfinyanga wapi?

Kesho yake nikaenda kukiri mbele ya wazee. Unajua sisi Wangoni na Wasukuma ni watani, na mwenyekiti wao, Mzee Luhende, alikuwa akiingoja siku hiyo tangu nimeolewa.

"Babu zako waliteka ng'ombe wetu," akasema, "na wewe umefuta majina yetu!"

"Ng'ombe wenyewe walikonda, babu. Tuliwaonea huruma."

Wazee wakapiga makofi, na Mzee Luhende akatoa hukumu. "Ana mdomo huyu! Basi adhabu yako ni hiyo hiyo ya mdomo. Siku ya gulio utapanda juu ya meza, unadi picha moja moja kama mtumba. Wenyewe watajitokeza."

Nikapanda, dada! Mimi niliyekuwa naona haya kusoma somo kanisani. "Bibi harusi, shela refu, bwana kashika ua la plastiki, wa nani hawa?" Bi Nasim akapiga kelele kuwa ni shangazi yake. Mzee mmoja kutoka Masumbwe akamtambua dada yake, akavua kofia, akamsimulia mbele ya simu ya Mabula mpaka watu wakasogea kusikiliza. Shida ilikuwa vijana. Karibu wote wameshika redio moja, ya studio. Kila nikisema "redio mkononi," gulio zima linaitikia, "Redio tena!"

Mayu alikaa mbele kwenye kigoda, mikono magotini. Kila kijana alitikisa kichwa. Albamu ikabaki kurasa mbili, na mimi sauti imeanza kukauka.

"Kijana mwembamba," nikanadi, "koti kubwa la kuazima, mkononi viatu..."

"Ngoja," akasema mayu. "Na miguuni?"

"Hana kitu, mayu. Yuko peku."

Akasimama. "Vilimbana. Alivinunua hapahapa gulioni bila kuvijaribu, akasema lazima navyo viingie kwenye picha. Mwanangu, anacheka?"

"Hacheki. Amebana midomo, kama anayezuia kicheko."

"Macho je?"

"Yako pembeni. Hamwangalii mpiga picha."

"Ananiangalia mimi," akasema mayu. "Nilisimama mlangoni, nikimcheka."

Mabula akaichukua ile picha kwa mikono miwili, akaitazama mpaka nikaogopa. Kisha akajishika sikio. "Masikio yangu," akasema.

"Pole sana," Mzee Luhende akamjibu, na hapo ndipo sote tulipoweza kucheka, Mabula akiwa wa kwanza, na machozi yakimtiririka.

Nimemtengenezea Shija bahasha mpya na kuandika jina lake kwa hati yangu nzuri kuliko zote. Bado tuna picha nyingi zisizo na wenyewe, na adhabu yangu wameiongeza, kila gulio nanadi. Nitazimaliza.

Nisalimie mama na umkande mgongo. Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, mwambie gauni lake limesifiwa hadi Kahama, na shangazi aliyenifunda, mwambie nayafuata yote, ila lile la kutomcheka mume limenishinda.

Humu nimekuwekea nakala ya picha ya Shija, na nyingine ya mimi na Mabula tuliyopigwa juzi. Usimlaumu mpiga picha. Alimwambia Mabula mara tatu atazame kamera.

Mdogo wako mwenye furaha ya jangwani,
Winfrida