Tone Moja la Mafuta

Jumamosi, Julai. Chemba.

Upepo umeanza tangu asubuhi na bado haujachoka. Nimefunga dirisha, nimeziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu, na hata hivyo nikipitisha kidole juu ya meza hii naweza kuandika jina langu kwenye vumbi. Baridi nayo ipo, ile baridi kavu ya huku inayopasua midomo. Siku nyingine ningelalamika. Leo nasikia jirani anasonga ugali, mwiko unagonga sufuria, na nashukuru kwamba masikio ninayo ya kusikia.

Jumatano nilikaribia kufa. Hilo nimeshawasimulia watu. Ambalo sikulisimulia hadi leo asubuhi ni kwamba kosa lilikuwa langu.

Mimi ni askari wa wanyamapori. Watu wanadhani kutwa tunakimbizana na majangili, kumbe kazi yetu kubwa ni kuwarudisha tembo porini kabla hawajafika kwenye mashamba na visima vya watu. Nimezaliwa Pangani, nimefanya kazi miaka kumi kwenye pori la huko huko Pwani, na mwezi wa tatu mwaka huu nikahamishiwa Chemba.

Pwani adui wa bunduki ni hewa ya chumvi. Wiki yangu ya kwanza kazini niliiacha siku mbili bila mafuta, ikaota kutu, na mkubwa wangu akanisimamisha mbele ya wenzangu niisugue huku wananitazama. Nikaapa. Tangu hapo kila jioni ni mafuta: nje mafuta, ndani mafuta, mpaka imeremete ndipo nilale. Miaka kumi haikuniangusha hata mara moja. Nikahama nayo tabia hiyo kama mtu anavyohama na godoro lake.

Ghala la silaha la kituo chetu linatunzwa na Mama Aneth, Mgogo wa Hombolo, mwanamke wa maneno machache na karibu yote yanauma. Mwakani anastaafu, na miaka yote ya kazi hajawahi kuandikiwa barua ya onyo. Siku niliyoripoti nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi bunduki pamoja na somo lake. Kiangazi cha huku, akasema, bunduki inafutwa kila siku ukirudi doria, kwa kitambaa kikavu. Jumamosi unahakikisha haina risasi, unaifungua yote, unasafisha bolti na pini yake, kisha tone moja la mafuta unalisambaza kwa kidole na kulifuta mpaka ibaki harufu. Ukifyatua hata risasi moja, mtutu unasafishwa siku hiyo hiyo, hungoji Jumamosi. Masika yakija ndipo unaongeza mafuta.

"Mafuta na vumbi ukiyakutanisha unapata tope," akaniambia. "Na tope halifyatui risasi."

Nikaitikia, ndiyo mama. Moyoni nikasema, huyu bahari kaiona wapi.

Basi nikawa naishi maisha mawili. Mbele yake mimi ni mwanafunzi mtiifu. Tukienda doria ya siku tatu tukalala kambini, natoa kichupa changu cha dawa ya kikohozi nilichojaza mafuta, nafungua bunduki na kumimina mle ndani ya bolti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma na kubeba pini inayogonga risasi. Mwezi wa tatu na wa nne mvua zilikuwepo, hakukuwa na vumbi, bunduki ikafanya kazi vizuri. Nikazidi kujiona mjuzi.

Kituoni kwetu kila askari anasafisha silaha yake mwenyewe. Mama Aneth anakagua mtutu, anakagua nje, halafu anauliza, "Bolti umefungua?" Ukisema umefungua, anasaini daftari. Hana muda wa kufungua bolti za watu wote, na wala hana sababu, maana hapa mtu mzima akisema amefungua, amefungua.

Tangu mwezi wa tano mimi sikuwa nafungua. Nilikuwa nafuta nje tu inang'aa, nasema nimefungua, anasaini. Kwa kiburi changu niliona kusafisha kitu kilichojaa mafuta ni kupoteza mafuta.

Jumatano saa kumi jioni tuliitwa mtoni. Mto wenyewe sasa hivi ni mchanga mtupu, na kina mama wanachimba visima humo humo wachote maji. Dume moja la tembo lilikuwa limesogea karibu mno. Nilikuwa na mwenzangu Elibariki, kijana wa Mlali, mkulima aliyevaa sare, mtu asiye na makuu. Yeye alikuwa anawatoa kina mama upande wa kushoto, mimi nikasimama katikati ya tembo na kisima cha mwisho. Ndani ya kisima alikuwamo mama mmoja, Mariamu, amezama hadi kiunoni, anahangaika kutoka.

Tembo akatandaza masikio, akaja.

Nikaelekeza mtutu hewani nimtishe. Nikafyatua. Tk. Nikakoki tena, nikafyatua. Tk. Sauti ndogo, kama mtu anavunja kijiti. Pini ilikuwa inakwenda, lakini inakwenda kwa uvivu, imevikwa tope.

Sikukimbia, na nisijisifu kwa hilo, maana miguu ndiyo ilikataa. Nilimwona tembo hadi mikunjo ya magotini. Ndipo bunduki ya Elibariki ikalia upande wangu wa kushoto, mara moja, halafu mara ya pili, na yule dume akageuka akaondoka na vumbi lake. Elibariki alikuwa amekimbia kuja kwangu. Kuja kwangu, siyo kwenda mbali.

Mariamu tukamvuta nje, goti limechubuka, basi. Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni, nyumbani wanaongea ile lugha yao yenye kugongesha ulimi. Aliniangalia, akauliza taratibu tu, "Baba, bunduki imekukataa?"

Nikamjibu ni risasi mbovu.

Uongo huo ulitoka mdomoni kabla sijaufikiria, halafu ukaanza kutembea wenyewe. Elibariki aliuamini, akauandika kwenye taarifa: risasi mbovu, au silaha haikutunzwa vizuri ghalani. Mkuu wa kituo akaichukua bunduki, akaifungia ofisini kwake, akasema Jumatatu itafunguliwa mbele ya wote. Mama Aneth akaambiwa aandike maelezo, kwa sababu risasi ni zake, ghala ni lake, na saini kwenye daftari ni ya kwake.

Nilisikia akiambiwa. Nilikuwa nimesimama pale pale na kikombe cha chai. Nikanywa chai.

Leo asubuhi ilikuwa siku ya usafi kama kawaida. Nilimkuta peke yake ghalani, mezani ana karatasi yenye mistari mitatu iliyokatwa. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua uso. Nikaona macho yake yamevimba. Sijui ni nini hasa kilichonisukuma. Nadhani ni ile mistari iliyokatwa. Alikuwa anatafuta maneno ya kueleza kosa ambalo hakulifanya.

Nikamwambia yote. Kichupa, kambini, bolti ambazo sikuzifungua, zile "nimefungua" zote nilizomwambia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, maana anayo. Hakunitukana. Alikaa kwenye kiti chake, akavua miwani.

"Siku tatu sijalala," akasema. "Nimepitia kila bunduki niliyoisaini, najiuliza ni ipi nyingine nimeikosea. Nimejiambia nimezeeka, nitaua watoto wa watu kabla sijastaafu."

Halafu hasira ikaja. "Kwa nini hukusema Jumatano?"

"Niliogopa, mama."

"Na mimi je?"

Siku tatu hizo ambazo yeye hakulala, mimi nililala fofofo. Hilo linaniuma kuliko tembo.

Tukaenda pamoja kwa mkuu wa kituo. Akaitoa bunduki, akahakikisha haina kitu, nikaifungua bolti kwa mikono yangu mwenyewe. Mama Aneth akapitisha kitambaa cheupe. Kikatoka cheusi, na si weusi wa mafuta, ni uji mzito wenye chenga za mchanga. Tulikitazama wote wanne, maana na Elibariki alikuwa ameitwa. Niliona aibu ambayo hata ile ya kutu ya Pwani ni mchezo.

Mkuu hakupayuka. Barua ya onyo nitapata, na miezi miwili sishiki silaha porini. Nitakwenda doria na honi na tochi. Karatasi ya Mama Aneth akaichana mbele yangu, akaniambia maelezo nitayaandika mimi. Nimeyaandika. Kurasa mbili, hakuna hata mstari uliokatwa.

Nilipotoka nikamtafuta Elibariki. Huyu ndiye niliyekuwa namwogopa zaidi, kwa sababu ni yeye anayetembea hatua mbili kutoka kwangu. Nikamwambia nisamehe, ndugu yangu. Nikamwambia kama anataka kubadilishiwa mwenzake nitamwelewa. Akaniangalia, akasema anakwenda kunywa maji. Akaondoka. Nikasimama pale najua limekwisha.

Mchana tulikuwa wanane kwenye meza ndefu ya ghala, kila mtu na silaha yake, vitambaa, fito za kusafishia mitutu. Mimi sina silaha, basi Mama Aneth akanipa kazi ya kukata vitambaa. Nilikuwa nakata kimya kimya, wenzangu wananitania kidogo kidogo, mmoja ananiuliza kama Pwani hata wali tunaupikia mafuta ya bunduki. Nilicheka. Ukitaniwa ujue bado umo.

Ndipo Elibariki akaja. Akakagua bunduki yake mara mbili kwamba haina risasi, ile ile iliyolia Jumatano, akaiweka mezani mbele yangu.

"Jumatatu tunaingia porini na hii moja tu," akasema. "Isafishe wewe."

Akavuta stuli akakaa kando, akawa anamenya karanga. Hakunisimamia. Alikuwa anapiga soga na wenzake, mgongo ameniachia.

Niliisafisha saa nzima na nusu. Nilifungua kila kinachofunguka. Pini nikaifuta mpaka ikawa kavu kama mfupa, nikaweka tone moja, nikalisambaza kwa kidole, nikalifuta. Nilipomaliza nikampelekea Mama Aneth. Aliivua bolti yote, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu, akairudisha. Akasaini.

Mungu, nashukuru kwa Mariamu aliyerudi kwa watoto wake na goti lililochubuka tu. Nashukuru kwa mtu wa Mlali aliyekimbia kuja. Kuanzia sasa nitauliza kwanza nchi niliyopo inataka nini, kabla sijaleta ujuzi wa nilikotoka.

Nyumba ya Mama Aneth iko ng'ambo ya uwanja, naiona kutoka hapa kupitia kioo chenye vumbi. Ni saa mbili kasoro tu, na taa ameshazima.

Alale.