Kitambaa cha Karatasi, Guangzhou

Guangzhou, Alhamisi, Novemba 2013

Siku ya sita ya kutafuta nguo za duka letu la Mbarara, Uganda, na leo tena nimekula peke yangu, kwenye meza ya batu kumi. Kule nyumbani, kwenye kambi ya Nakivale, Furaha, kitinda mimba wangu, ndiye anaombeaka chakula. Hapa nikafunga macho mwenyewe, nikamutajia Mungu batoto bote na baba yao, mmoja mmoja. Maneno ikawa mingi.

Kufungua macho, supu imepoa, na mama anayeleta chakula amesimama pembeni, ananipa kitambaa cha karatasi. Alizani ninalia.

Nilikasirika. Mimi, kulia mbele ya batu? "Hapana, mama, nilikuwa ninaomba." Kiswahili hakusikia hata kidogo. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu.

Hapo sasa kile kitambaa kikapata kazi.