Beseni la Nyuki Wote

9 Februari

Mpwa wangu, Mama Maswali,

Salamu kutoka huku mlimani, mahali ambapo mama yako anapaita mwisho wa dunia. Mimi ni mzima, ukiacha macho. Barua yako nimeisoma kwa ile lenzi ya kukuzia, neno moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Ukiandika tena ongeza herufi ziwe kubwa. Karatasi haijakukosea kitu, ijaze tu.

Wewe je, u mzima? Unakula? Bado wanakufungia kwenye hiyo nyumba ya uyoga yenye giza na unyevu? Mtoto niliyemlea juani, leo analipwa kukaa gizani! Haya, riziki ni riziki.

Sasa sikiliza. Nyuki wanaumwa. Nilianza kwa kusikia, maana siku hizi masikio ndiyo yananifanyia kazi. Mzinga ule tuliouita Mpole ulikuwa unavuma chini chini, bila nguvu. Nikainama mbele yake mpaka pua ikagusa majani, ndipo nikawaona wanatembea ardhini badala ya kuruka. Mabawa yamekunjamana kabisa. Nyuki anapanda juu ya jani, anajaribu, anaanguka, anapanda tena. Nilimtazama mmoja mpaka nikaona haya, nikaondoka.

Ndani mna utitiri, wale wadudu wekundu wanaowanyonya. Nimefukiza moshi, nimebadilisha masega, wapi. Mkorofi bado ana nguvu, jana amenidunga sikioni kwa salamu. Hakimu naye yupo, ingawa si yule wa zamani. Mpole ndiye anayekwisha mikononi mwangu.

Mama yako alipokuja alisimama mlangoni akasema, "Kaka, hawa wakiisha huna tena kisingizio. Utashuka tukae wote. Chumba cha uani nimeshakipaka rangi." Anasema kwa mapenzi, ndiyo maana hata kugombana naye siwezi. Lakini wewe unanijua. Hapa kila jiwe nalijua kwa mguu. Kule kwake nitakuwa mtu wa kushikwa mkono kwenda msalani. Nyuki wakiwepo nina jibu: nani atawatazama? Wakifa, nitamjibu nini?

Wewe unaishi na wasomi wa uyoga na dawa. Waulize. Kuuliza si ujinga, na kazi hiyo umezaliwa nayo.

Mjomba wako

*

2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini herufi hizi zinakutosha. Nimeandika hadi mwenzangu wa chumbani ananiuliza kama natengeneza bango. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na giza la nyumba ya uyoga nimelizoea. Ila barua yako imenikosesha raha. Nimeisoma nikiwa nimevaa glavu na barakoa, katikati ya mifuko ya unga wa mbao, na nikashindwa hata kujifuta macho.

Nimeuliza, kama ulivyoniagiza. Msimamizi wetu anasema kuna uyoga mgumu, unaota kwenye magogo yaliyooza na una umbo la kwato. Kabla haujatokeza nje, ndani ya gogo huwa na utando mweupe wa nyuzi nyembamba. Huo utando ndio wanaouchemsha na kuuchuja. Anasema kuna watafiti waliowapa nyuki maji yake yakiwa yamechanganywa na sukari, na maradhi yale yanayokuja na utitiri yakapungua mwilini mwao. Nilimuuliza, "Kwa hiyo watapona?" Akasema, "Mimi sijasema watapona. Nimesema wanaweza kupata nguvu ya kupigana." Ndiye mtu asiyeahidi hata mvua ikiwa inanyesha.

Alinikubalia nichuje kidogo baada ya kazi. Nimekujazia chupa. Anakuletea muuguzi anayerudi nyumbani likizo, atamwachia mama. Yeyusha sukari kwenye maji, acha ipoe kabisa, kisha tia kijiko kimoja kwa kila chupa ya maji hayo. Na hili nalikazia, Mjomba: wape WOTE, hata wanaoonekana wazima. Usingoje waanze kuanguka.

Ningekuja mwenyewe. Unajua ningekuja. Lakini kibali changu cha kukaa katika nchi hii ya watu kinangojea muhuri, na nikitoka sasa mlango unafungwa nyuma yangu. Nimebaki kukutumia chupa.

Mpwa wako

*

28 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Leo usiniulize hali, nitakwambia mwenyewe: hali ni nzuri hata naogopa kuisema kwa sauti.

Chupa imefika. Mama yako aliinusa akasema inanuka soksi. Nikamwambia, ndivyo dawa zilivyo, ikinukia vizuri ujue umeuziwa marashi. Nikayeyusha sukari, nikaacha ipoe, nikapima kijiko kwa kidole maana kwa macho ningemwaga.

Sasa nikawaza: kuna mizinga saba. Nikianza kwa Mpole, Hakimu atasema nambagua. Nikimpa Mkorofi kidogo, atanidunga sikio la pili. Na wewe umeandika WOTE, kwa herufi za bango. Basi nikatoa lile beseni la bluu ulilokuwa unaogeshewa, nikamimina yote humo, nikatandaza vijiti juu wasizame, nikaliweka katikati ya mizinga saa za asubuhi jua likiwa linapanda. Kila mmoja aje, anywe, aridhike. Baba mwenye haki hapiki vyungu saba.

Mpwa wangu, ungesikia! Haikupita muda wakaja. Tangu mwaka ule wa maua mengi sijasikia mvumo kama huo. Hewa yote ilikuwa inatetemeka. Nilivuta kigoda nikakaa nikisikiliza mpaka mchana, machozi yananitoka mtu mzima mimi. Hata kwa Mpole, ambako kulikuwa kimya kama nyumba ya msiba, nikasikia kishindo mlangoni, wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka. Nikasema, kumbe kweli, wamefufuka!

Nimeendelea kujaza beseni kila asubuhi. Mwambie msimamizi wako nikimkuta nitambusu kipara. Kama hana kipara, nitatafuta pa kubusu.

Mama yako nimemwambia chumba chake apangishe.

Mjomba wako mwenye furaha

*

17 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Naomba uondoe beseni. Kabla hujasoma zaidi, inuka ukaliondoe, kisha urudi umalizie barua.

Barua yako ilinifurahisha mno, nikamsomea msimamizi wakati wa chai. Alicheka sana kwenye kipara, anacho kweli. Kisha akauliza, "Beseni aliliweka wapi?" Nikarudia kusoma. Akaweka kikombe chini. Mama yake mzazi alifuga nyuki, kumbe, na hakuwahi kuniambia.

Anasema nyuki wagonjwa hulishwa ndani ya mzinga wao, jioni, mlango ukiwa umepunguzwa ubaki wa kupita mmoja mmoja. Maji ya sukari yakiwa nje mchana, wenye nguvu wanapata uchu. Wakimaliza beseni hawarudi kulala. Wanatafuta harufu hiyo hiyo kwenye mizinga ya jirani, na wanaingia kwa yule asiye na walinzi. Wanaua, wanabeba asali, na ugonjwa wanaurudisha kwao.

Mjomba, ule mvumo wa kwa Mpole. Sijui nikuandikieje. Msimamizi anasema huenda haikuwa furaha.

Mimi najua uyoga. Nyuki sikuwajua kamwe, wewe ndiye uliyenifundisha kuwapenda na mengine ukafanya mwenyewe. Niliandika "wape wote" nikaona nimemaliza kazi. Sikukwambia mahali wala saa, kwa sababu sikujua kwamba ni neno la kusema.

Nimempigia mama simu papo hapo, kwa kuwa yako ilizama kwenye ndoo ya asali mwaka juzi na hutaki nyingine. Nimemwambia apande leo hii. Akasema, "Nitapanda." Nikamuuliza lini. Akasema, "Nikimaliza shughuli zangu." Nilipiga kelele, Mjomba, nimempigia mama yangu kelele, na akakata simu. Najua barua hii itachelewa. Naiandika kwa sababu siwezi kukaa mikono mitupu.

Mpwa wako

*

20 Mei

Shikamoo Mjomba,

Sijapata barua yako. Kila siku napita kwenye masanduku ya barua nikitoka kazini, na mlinzi ameshaanza kunitikisia kichwa kabla sijafika.

Mama nikimuuliza anasema, "Mjomba wako mzima, anapumzika." Nikasema nipe niongee naye. Akasema umelala. Jana tena, umelala. Tangu lini wewe ukalala mchana? Na kama mama anakuona umelala, basi hauko mlimani.

Nimechuja chupa nyingine. Iko hapa dirishani, naitazama. Msimamizi amenichorea namna ya kuitundika ndani ya mzinga, kichupa kimepinduliwa juu ya masega. Ni rahisi kabisa. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba ilikuwa rahisi hivyo.

Niandikie hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka.

Mpwa wako anayekungoja

*

11 Juni

Mpwa wangu,

Pokea salamu za chumba cha uani. Kimepakwa rangi ya kijani, ndivyo ninavyoambiwa. Afya ni nzuri, nimenenepa. Herufi zangu zikipandana unisamehe, naandika kwa kalamu nene na kidole kinatangulia kuonyesha njia.

Mama yako alipanda siku ya nne baada ya simu yako. Alinipa ujumbe wako, na mkononi alikuwa na mabegi mawili matupu. Niliyapapasa nikajua kila kitu. Usimchukie. Alilia kuliko mimi. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba alikuwa anangoja nyuki waishe. Alisema, "Kaka, kila usiku nilikuwa naota umeanguka kwenye yale mawe." Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Nilimpa maji akanywa.

Nilikwenda kwa Mpole. Nikatia mkono ndani nikakuta masega yamepapurwa, unga wa nta umejaa mlangoni, na chini yake miili. Hakimu alipigana, maana kwake miili ilikuwa nje. Ile mizinga mingine minne nayo ilikuwa mitupu. Mkorofi alikuwa amejaa asali hadi mfuniko haufungiki. Nikasema basi, nitabaki na huyu mwizi, mwizi naye ni mtu. Nikakataa kushuka. Lakini mchuma janga hula na wa kwao. Haikuchukua muda nikawasikia wa Mkorofi nao wanatembea kwenye majani.

Ule mvumo, mpwa wangu. Nilikaa kwenye kigoda siku baada ya siku nikisikiliza Mpole akiuawa, nami nikimshukuru Mungu. Mwenye macho angeona mara moja. Hilo ndilo sijaweza kulimeza, na usinijibu kwa kunifariji. Wewe uliniambia wote, nami nikawapa wote. Dawa yako haina kosa wala sifa; haikupata hata nafasi ya kujaribiwa.

Nilipofungua Mkorofi mara ya mwisho, palikuwa na malkia na nyuki wachache wamemzunguka. Sikuweza kumwacha. Nikamtia na wenzake kwenye boksi la viberiti lenye matundu, nikashuka nao mfukoni. Mama yako hajui, atasema nimeleta nyuki nyumbani kwa watu.

Malkia hajazoea kula mwenyewe. Maisha yake yote wenzake humlisha mdomoni. Wale wachache walimlisha mpaka walipokwisha, mmoja mmoja. Sasa namlisha mimi. Nachovya njiti kwenye maji ya sukari yenye tone la dawa yako iliyobaki, nasogeza pole pole hadi nihisi miguu yake imeshika. Sioni kama anakunywa. Nangoja tu nihisi njiti inavutwa kidogo, ndipo nashusha pumzi. Jana ilivutwa. Leo asubuhi amekataa, nikajaribu tena akakataa, na mchana huu nimekaa naye kiganjani bila kujua nifanye nini. Anatembea. Anazunguka kiganja, anafika kwenye kidole, anarudi.

Chupa ya dirishani usiitume. Wape wanaohitaji huko, na uwaonyeshe ule mchoro.

Mama yako ananiita. Siku hizi ananichambulia samaki miiba yote, ananitilia tonge mkononi, kisha anakaa akinisikiliza natafuna. Mwanzo nilikuwa nakasirika, nasukuma sahani. Leo sina njaa hata kidogo, lakini nakwenda kula na nitamaliza.

Mjomba wako