Kona Niliyoitandika Mezani

Kolwezi, 14 Septemba 1957

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Muamba,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa kambini. Kifua kimepoa? Shemeji Laurentine na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila Mama halali vizuri, na hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Wiki tatu zilizopita wapimaji walikuja na vigingi vyekundu. Reli mpya ya machimbo itapita ndani ya kambi yetu, na nyumba nne zitabomolewa kabla ya mvua. Yetu ni mojawapo, Yaya. Mama alikimwagia kigingi chetu maji ya moto kana kwamba ni siafu.

Watu wakaanza kuulizana nani ametuuza. Unaijua kambi: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tshilombo karani, jirani yetu, alionekana mara mbili akitoka ofisi ya wapimaji. Alisema alifuata ruhusa ya safari ya mkewe. Nani angeamini, na nyumba yake haikuguswa? Mama mwenyewe aliniambia: "Mutoto yangu, ule muntu iko na roho mubaya, usikule kwake tena." Wanawake wakawa wanamsukuma mkewe, Kanku, bombani. Mimi nilipita na njia yangu.

Sasa nikueleze jambo jingine. Mwezi wa nne, bwana wetu wa reli, Musyu Lefort, aliniita nyumbani kwake. Katika gereji alikuwa na meza kubwa yenye reli ndogo na treni ya kuchezea, eti zawadi ya kumpelekea mwanawe aliyeko Ulaya. Nilishuku tangu siku ile. Mtu mzima mwenye treni za kweli, kwa nini ajifungie kwa ufunguo ili acheze? Tena zawadi gani isiyopakwa hata rangi?

Lakini treni ilianguka kila ilipofika kwenye kona, naye akawa anatukana, na mimi, mtandika reli mwenye miaka kumi na moja kazini, nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia kona haianzi ghafla. Huanza polepole, ndipo ikaze. Nilivuta uzi kutoka sehemu hadi sehemu ya reli na kupima katikati, toka uzi hadi reli, kama tufanyavyo kambini, nikaipinda kwa vidole mpaka vipimo vikalingana. Treni ikapita mara ishirini bila kuyumba. Musyu akachora yote kwenye karatasi. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Yaya, haya sijamwambia mtu. Kona yangu ilihitaji nafasi zaidi. Mezani palikuwa na viberiti vimepangwa safu safu, na Musyu aliniuliza vile vinne vinavyozuia tuvifanye nini. Nilicheka, nikaviondoa kwa mkono wangu. Siku ya vigingi nilitembea kutoka kimoja hadi kingine, na kabla sijafika cha tatu niliitambua kona yangu. Nikawaacha wamshuku Tshilombo, kwa maana walipomtazama yeye hawakunitazama mimi. Naona haya kuliko ninavyoweza kuandika.

Siku ya Jumanne Tshilombo alihamia stesheni ya Fungurume. Nilimsaidia kubeba kitanda hadi kwenye lori. Alinishika mikono yote miwili, akasema katika kambi nzima ni mimi peke yangu niliyebaki ndugu yake.

Jumapili, misa ikiisha, nitasema mbele ya watu wote. Mama akikuandikia kwamba hana tena mtoto hapa Kolwezi, utajua kwa nini. Nibusie watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Kabeya