Kofia Inayonitosha Mimi

Nachingwea, Jumanne, Novemba 1955

Mama mkwe amenuna tangu tutoke hospitali, wakati mwenye sukari ni mimi.

Nesi alichemsha mkojo wangu na ile dawa ya buluu kwenye kichupa. Wiki iliyopita uligeuka mwekundu kama tofali, maana yake sukari imejaa. Leo umeishia kijani. Nesi akafurahi, akasema nikishika masharti na sindano, mtoto aliye tumboni hatanenepa kupita kiasi.

"Hatanenepa?" Mama mkwe akashtuka. "Watu watasema namnyima mkwe wangu chakula."

Na ni yeye aliyenilinda wiki nzima nisile mabibo matamu. Ametangaza kwa majirani wote, hata nikiinama kuokota kuni chini ya mkorosho napigiwa kelele. Sasa ulinzi wake umefaa, analalamika.

Nikamuuliza nesi mbele yake: mwanangu wa kwanza, aliyekwama mabega nusura tufe wote wawili, ukubwa ule ulikuwa wa sukari? Nesi akasema huenda ndivyo. Mama mkwe, ambaye hutamba kijiji kizima kwa ukubwa wa mjukuu wake, akatoka nje, akatangulia njiani mpaka nyumbani.

Naogopa kukwama tena. Hilo sijamwambia mtu.

Jioni nimemkuta kibarazani na kofia aliyomfumia huyu mtoto ajaye, kubwa ya kunitosha mimi. Alikuwa anaifumua.

"Naipunguza," akasema, bila kuniangalia.