Mama Anakufa Ukurasa wa Kwanza

Jumapili, 1 Novemba

Nimefanya ujinga. Nimemwahidi binti yangu Annija kitabu.

Alikuwa akinisimulia kwenye simu kwamba Inguna, mwanamke wa baba yake, humsomea kila jioni. Inguna hivi, Inguna vile. Nikamwambia, kwani una miaka mitano? Una kumi na miwili! Akajibu, "Sasa mama, wewe ukipiga unauliza alama za hesabu tu." Halafu nikajisikia nikisema: mimi nitakuandikia kitabu changu mwenyewe. Kizima! Kabla ya tarehe nne Desemba.

Akacheka. "Wewe? Kitabu?"

Tarehe nne ataitwa na Mahakama ya Yatima. Ndivyo ofisi ile inavyoitwa kwetu, hata mtoto awe na wazazi wote wawili. Watamuuliza anataka kuishi wapi: abaki Latvia na baba yake na huyo Inguna, au aje kwangu Ayalandi mwezi wa kwanza. Wanamuuliza yeye. Mimi sitaulizwa.

Siku thelathini na tatu. Na shule niliacha darasa la tisa.

Jumanne, 3 Novemba

Madaftari matatu, kalamu mbili. Yote bado meupe.

Danguole, Mlithuania ninayelala naye chumba kimoja kwenye karavani, nyumba ya magurudumu ya shamba, alinikuta nimekodolea macho karatasi. "Shoga, unamwandikia mwanamume?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, chukua hadithi iliyokwishapikwa uipashe moto. Ngano ukiipanda leo, Desemba utakula mkate?

Ana akili huyu mama. Nimechukua ile ya bibi yangu, ya binti yatima. Mama anakufa, baba anaoa. Mama wa kambo anamtesa. Binti anasokota sufu kando ya kisima, kijiti cha kusokotea kinatumbukia, anaambiwa akifuate. Anajitosa. Chini kuna nchi nyingine, kuna mwanamke mzee, kuna kazi. Anaifanya vizuri, anarudi na kasha la dhahabu.

Kurasa tano kwa siku, itawezekana.

Alhamisi, 5 Novemba

Kurasa saba! Mama amekufa kwa homa mstari wa tatu, sikupoteza muda. Mama wa kambo nimempa nywele nyekundu na meno ya mbele yaliyoachana. Kama mtu fulani.

Tangu saa kumi na moja alfajiri nimesimama kwenye rafu za uyoga. Unazungusha, huvuti, unakata shina, unapanga kwenye trei. Uyoga unakua maradufu kwa siku moja. Ukiuacha, kesho umefunguka kama mwavuli na hakuna anayeutaka. Laiti kurasa zingekua hivyo.

Jumapili, 8 Novemba

Nimemsomea sura mbili. Hakunikatiza! Mwisho akauliza, "Halafu?" Neno moja tu.

Nimetembea mpaka daraja la mto na kurudi, peke yangu, nikitabasamu kama kichaa. Mvua inanyesha. Hapa inanyesha siku zote.

Jumanne, 10 Novemba

Uyoga wa banda la tatu umechipuka wote kwa pamoja. Saa kumi na moja za kuchuma. Sijaandika. Vidole havifungi.

Jumapili, 15 Novemba

Aibu. Bado masikio yanawaka.

Nilimsomea mpaka sura ya nne, ambapo mama wa kambo anampa binti sufu iliyotoka kwa kondoo sasa hivi, chafu vilevile, amsokotee mpaka vidole vitoke damu. Sura kali. Nilijivunia. Nilipofika kwenye damu, sauti ya mwanamke ikasema kwa mbali, "Haisokotwi hivyo. Inaoshwa, halafu inachanwa kwanza."

Inguna. Simu iko kwenye spika! Nikauliza, tangu lini yupo hapo? Annija akajibu kama jambo la kawaida, "Tangu mwanzo, mama. Tunasikiliza jikoni, yeye anafuma." Tangu mwanzo. Tangu nywele nyekundu na meno.

Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Jumatatu, 16 Novemba

Ujumbe wa Inguna. Sijawahi kupata ujumbe wake hata mmoja. Naunakili hapa.

"Vizma, endelea kuandika, mtoto anaingoja wiki nzima. Sikasiriki kuhusu nywele. Ila tangu sura ya pili, ile ya kupigwa mwiko, nikishika mwiko, Annija anautazama mkono wangu."

Nimeusoma chooni kazini. Nimeusoma mara nyingi.

Sijajibu.

Jumatano, 18 Novemba

Nimemwambia Danguole kwamba mama wa kambo atakuwa mwema. Akaweka kijiko chini. "Haya! Akiwa mwema hadithi imekwisha. Nani atamsukuma mtoto kisimani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nikarudi ukurasa wa kwanza kutafuta kosa. Nikasoma: Mama alikufa kwa homa. Mstari wa tatu.

Mama ni nani hapo? Mama wa kambo yupo, namjua. Baba yupo, Guntars, asiyesema kitu, kama kwenye hadithi. Binti yupo. Anayebaki ni mimi, na nimejizika kwa mkono wangu mwenyewe, haraka haraka, ili nianze kumtukana mwenzangu.

Nililia kidogo. Danguole akajifanya anaosha sufuria safi.

Alhamisi, 19 Novemba

Nimechana kurasa arobaini na moja. Zimebaki siku kumi na tano. Naanza upya: mama hakufa. Alishuka kisimani kutafuta kazi, kwa mwaka mmoja tu. Miaka sita imepita.

Inaandikika! Chini kuna mabanda marefu yenye giza na vitu vyeupe vinavyoota bila jua. Sihitaji kubuni sana. Huku juu kuna mwanamke wa nywele nyekundu anayechana sufu na kumfundisha binti. Nimemjibu Inguna maneno mawili. Asante. Samahani.

Jumapili, 22 Novemba

Nimesoma mpya. Safari hii nilisalimia jikoni kote. Kikohozi kikanijibu.

Annija: "Kwa nini mama hakurudi baada ya huo mwaka mmoja?"

Nikasema, utaona sura inayofuata. Mwongo mimi. Sura inayofuata sina. Nimekaa nayo tangu saa nane mchana. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalipia paa la nyumba. Wa pili Guntars alikuwa hana kazi. Wa tatu nilikuwa nimezoea. Hilo la tatu ndilo haliandikiki.

Jumatano, 25 Novemba

Nimeliandika. Nusu ukurasa, basi. Nilitokwa jasho zaidi kuliko siku ya banda la tatu.

Jumapili, 29 Novemba

Nimesoma sura ya kumi na mbili. Binti amejitosa kisimani kwa hiari yake kumfuata mama. Mama anampeleka kwenye nyumba nyeupe yenye dirisha la kutazama malisho, na farasi.

"Mama," Annija akasema, "si ulisema mnalala wawili chumba kimoja?"

Nikasema hiki ni kitabu.

"Na mama akienda kazini alfajiri, binti anabaki na nani? Huko chini kuna shule? Wanaongea lugha gani?"

Haulizi kuhusu kitabu. Nikaanza kupekua daftari, mbele na nyuma. Nikasikia Inguna akimwambia kwa upole, mwache mama apumue, binti. Sikumchukia aliposema hivyo. Nilimchukia baadaye, kwenye ngazi za karavani, kwa dakika kumi hivi.

Jumatatu, 30 Novemba

Nimefuta nyumba nyeupe. Nimeandika karavani. Farasi nimewaacha, wapo kweli, shamba la jirani.

Alhamisi, 3 Desemba

Kurasa mia moja thelathini na nane. Imebaki sura ya mwisho.

Kwenye hadithi ya bibi, binti mwenyewe huomba kurudi juu. Nimeandika mwisho ambapo habaki wala haombi, wanapanda wote wawili. Uongo, siwezi kurudi, narudi kwenye kazi ipi? Nimeandika mwisho ambapo anabaki chini na wanafurahi. Nikausoma kwa sauti. Ni sauti ya mtu anayemvuta mtoto mkono. Nimeichana yote miwili.

Nilimpigia Annija nimwambie kitabu hakijaisha, nimevunja ahadi. Akasema, "Afadhali, mama." Nikauliza kwa nini afadhali. Akasema ana mazoezi ya kwaya, akakata.

Ijumaa, 4 Desemba

Saa nne na robo, chumba cha chai. Nimekuja na daftari.

Nilimwomba Fintan, msimamizi wetu, ruhusa ya asubuhi moja. "Vizma, mama, unajua uyoga haungoji mtu." Alisema akiangalia viatu vyake. Mabandani hatuingii na simu, zinakaa kabatini. Annija alikuwa anaingia kwenye ofisi ya Mahakama saa tano ya kwao, yaani saa tatu ya hapa. Nilikuwa rafu ya juu, nachuma. Sijui niliweka nini kwenye trei.

Nimefungua kabati sasa hivi. Inguna amepiga, mara mbili. Inguna tena. Annija hakupiga hata mara moja.

Danguole amenisogezea chai.

Nimepiga. Simu nimeibana kwa bega, naandika, nisipoandika nitapiga kelele. Inguna amepokea anapumua tu. Nikasema najua amechagua kubaki, Inguna, usiniambie wewe. Akasema sawa. Nikauliza, yuko wapi? Amejifungia bafuni tangu waliporudi. Anasema mama hatamsomea tena.

Dakika nne za mapumziko zimebaki. Fintan yuko mlangoni, anatazama saa, haingii.

Nimemwambia Inguna aende mlangoni na simu, agonge polepole, amwambie nina kurasa mia moja thelathini na nane na Jumapili tunaendelea. Amwambie binti anaweza kuwa juu na bado...

Inguna anatembea. Nasikia mbao za sakafu ya nyumba yangu zikilia. Anagonga.