Dume la Baba Mdogo

Nyumba ya Malishoni,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.
Jumapili asubuhi, ukungu haujaondoka.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za huko kwenu. Shangazi hajambo? Sisi tunaendelea vizuri. Mama ana kikohozi kidogo cha asubuhi ila hataki kuitwa mgonjwa, unamjua.

Msimu wa kupandisha kondoo umewadia. Siku hizi tunapofika zizini ukungu umejaa, hata kondoo hawaonekani. Unasikia tu wakicheua, utadhani wingu lenyewe linatafuna. Tunapapasa migongo yao, mmoja baada ya mwingine. Aliyekonda, uti wake wa mgongo unaugusa kama meno ya kitana, na huyo tunamwongezea pumba. Tumewakata kwato, tumewapunguza sufu chini ya mkia, tumewaangalia meno na viwele. Mikono yangu inanuka mafuta ya sufu hata baada ya sabuni, wala sichukii. Mara nyingine nasahau nimeanzia kondoo yupi, nabaki nimesimama, mkono juu ya mgongo wenye joto, mawazo yamesafiri.

Sasa kuna habari ya Bwana Harusi, yule dume uliyemlea kwa chupa ulipokuja likizo. Mwaka jana majike wengi hawakushika mimba, tukalaumu ukame. Safari hii nikamwita daktari wa mifugo ampime mapema. Akakuta kende moja limekuwa gumu kama jiwe na la pili limesinyaa. Niwie radhi, Mjomba, mambo ya zizini hayana staha. Daktari alinawa mikono, akatuambia taratibu, "Huyu mzee apumzike, hatazalisha tena. Tafuteni dume jingine upesi. Mkikosa wanakondoo mwaka wa pili, zizi hili litawafia mikononi."

Madume ya majirani ama yalikuwa kazini ama ni ndugu wa majike wetu. Lilibaki moja tu, la Baba Mdogo seremala. Nawe unajua, tangu tumzike Mama Mdogo, Mama hakuwahi kumsemesha shemeji yake. Aliamini mume ndiye aliyemchelewesha mdogo wake kwenda hospitali. Wakikutana njiani, kila mmoja alitazama upande wake.

Mchana ule Mama hakugusa chakula. Alikaa akiangalia malisho dirishani, kisha akajitanda mtandio, akasema, "Twende."

Karakana ilikuwa na jua la dirishani, na vumbi la mbao likielea ndani yake polepole. Baba Mdogo alikuwa anapiga randa mlango. Alipotuona mkono ukasimama, na randa likabaki na msokoto mrefu wa maranda ukining'inia. Akazima redio.

"Karibuni," alisema, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Shemeji, nimekuja kuomba dume."

"Mchukue. Alizaliwa mikononi mwa mdogo wako, huyo ni wenu."

Nilidhani tutashukuru tuondoke. Mama hakusogea. "Kwa nini hukumpeleka mapema?"

Baba Mdogo aliweka randa chini. "Alinikataza, shemeji. Kondoo wako walikuwa wanazaa. Alisema akilazwa utaacha kila kitu uje ukae naye, basi tusubiri wamalize. Nikamsikiliza. Laiti nisingemsikiliza."

Mama alikaa kwenye benchi ambalo halijapigwa msasa. Alisokota kipande cha maranda kidoleni kama pete. Mwishowe akasema, "Ndivyo alivyokuwa. Kichwa ngumu tangu utotoni."

Baba Mdogo akacheka, na kicheko hakijaisha akawa analia. Mama akasogea kidogo, akampisha benchini.

Baba Mdogo alimleta dume mwenyewe kwa kamba. Tulimpaka kifuani rangi ya bluu iliyochanganywa na mafuta, ili kila jike anayepandwa abaki na alama kiunoni. Sasa ukungu ukianza kuachia, kwanza unaona madoa ya bluu yakitembea, ndipo kondoo wenyewe wanatokea chini yake. Nimesimama pale asubuhi nyingi, chai imepoa mkononi. Wengi wana alama, na waliotangulia hawajarudi kumtafuta dume, dalili njema ya mimba. Bwana Harusi tumemweka na madume waliohasiwa. Ndoa imemshinda, usingizi haujamshinda.

Baba Mdogo huja jioni kumkagua dume wake. Ukaguzi hauchukui muda, ila chai yake ni ndefu. Juzi walibishana na Mama juu ya bawaba za lango mpaka nikatoka nje nikawaachia.

Baba yangu anakusalimu sana, na wadogo zangu pia. Nisalimie Shangazi na binamu zangu wote, hasa yule kitinda mimba mwenye maneno mengi. Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape usingizi mwororo.

Nilimuuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake. Alimaliza kukunja mtandio wake. Kisha akasema, "Mwambie kaka yangu nimemwota mdogo wetu. Safari hii hakuwa mgonjwa."

Ni mimi mpwa wako akupendaye siku zote,

Kifungua Mimba